Hooyo Ni Nani: Safari ya Balambala Baada ya Mafuriko

Mama mmoja aliniahidi kwamba mwezi ukiandama atanirudia Garissa na mtoto wake. Mwezi uliandama, mvua zikanyesha, na hakurudi. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, lakini kabla ya kupanda basi ni lazima nieleze mtoto huyo alikuwa nani na kwa nini sikuweza kumngoja.

Mama aliitwa Habiba na mtoto Deqa, msichana aliyekaribia miaka minne. Nilikutana nao kabla ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, katika chumba kimoja cha Garissa tulichokitumia kupima masikio ya watoto. Kazi yangu ni kumfundisha mtoto asiyesikia vizuri kusema. Zaidi ya hapo, ni kumfundisha mama yake, kwa sababu mimi huondoka na mama hubaki. Nilikuwa nikiwaambia hivyo akina mama wote.

Siku ya kwanza nilimsikia Habiba akimwita mtoto, "Hooyo! Hooyo!" Nikachukua kadi nikaandika: jina, Hooyo. Halima, muuguzi wa hapo aliyekuwa mkalimani wangu, aliisoma kadi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mwalimu, umeandika jina ya mtoto ni Mama!"

Akanieleza desturi yao. Kwa Wasomali, mama humwita mwanawe kwa neno lile lile ambalo mwana humwitia yeye. Mtoto humwita mama hooyo, na mama naye humwita mtoto hooyo. Nyanya huitwa ayeeyo, na mjukuu akiitwa na nyanya yake huitwa ayeeyo pia. Neno huenda na kurudi kati ya wawili kama kikombe kimoja cha chai. Nilifuta, nikaandika Deqa, na Halima akapata hadithi ya kunichekea mwaka mzima.

Jamaa wa Habiba walikuwa wamekataa katakata kwamba mtoto ana shida ya masikio. Walimpima wenyewe. Wafugaji wa ngamia humfunga mnyama shingoni kengele ya mti iitwayo koor, na mlio wake ni mzito: ko, ko, ko. Walisimama nyuma ya Deqa wakaitikisa, akageuka. Wakarudia, akageuka tena. Basi masikio ni mazima, wakasema, ila koo limefungwa. Na kwa kuwa walimpenda, walimpeleka kwa mtu anayejua kuchoma, akamgusa kwa chuma cha moto chini ya kidevu ili sauti ifunguke. Nilimkuta na makovu mawili yanayong'aa.

Kipimo chao hakikuwa cha kijinga. Kilikuwa nusu ya kipimo. Sikio halifi lote kwa mara moja. Deqa alizisikia sauti nzito na kuzikosa zile nyembamba, na lugha imejaa sauti nyembamba. Mwambie mtoto wa namna hiyo "samaki": herufi s, m na k zinapotelea njiani, naye anabaki na a-a-i. Jaribu wewe kujifunza lugha kutokana na mabaki kama hayo.

Tulimvalisha kifaa cha kusikia. Kile cha wakati huo kilikuwa kisanduku cha kufungwa kifuani, chenye waya unaopanda hadi kwenye kizibo cha sikioni. Garissa nzima ilikiita redio. Nilimwambia Habiba: "Sauti inaingilia kwenye kisanduku, kwa hiyo inama useme na kifua chake. Mwache akuone uso. Sema neno lile lile kila jambo lile lile linapotendeka. Na akitoa sauti yoyote, hata ikiwa kama ya mbuzi, mwitikie papo hapo. Mtoto hajui kwamba alichotoa ni neno mpaka mtu aitike."

Kadi zangu za picha zilikuwa na samaki na treni. Habiba alizitazama kwa adabu akanirudishia. Tukamwacha samaki, tukakiacha na Kiswahili, kwa maana mtoto hujifunza kusema kwa lugha wanayoiongea nyumbani hata ndotoni. Neno letu la kwanza likawa hooyo. Lina ile "oo" nzito, na hupita katika mlango ule ule ambao koor ilikuwa ikipitia. Kabla hawajaondoka, Deqa alivuta shela ya mama yake akasema, "Oo-yo."

Habiba akainama. "Hooyo."

"Oo-yo."

"Hooyo!"

Walifanya hivyo mpaka Halima akatoka nje kujifuta macho.

Sasa mtaelewa kwa nini nilikuwa na haraka. Akili ya mtoto ni kama njia ya mifugo kwenda kisimani. Ikikanyagwa kila siku hupanuka. Isipokanyagwa, miiba huifunga, na baada ya miaka ya kwanza kuifungua huwa kazi kubwa sana. Betri nilizompa Habiba zilikuwa za muda mfupi. Waya wa kifaa hukatika upesi. Nami nilikuwa nimekaa Nairobi nikisikia redioni kwamba mto Tana umefurika na Garissa imekatwa na dunia.

Barabara ilipofunguliwa, nilifunga betri, nyaya mbili na kisanduku cha akiba ndani ya mfuko wa nailoni, nikaondoka.

Mwingi. Ni kwetu, nikiwa Mkamba, lakini sikushuka kumsalimu mtu. Mabasi ya Garissa yalisubiriana hapo ili yaende kwa msafara pamoja na polisi, kwa sababu ya majambazi. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani abiria waliteremshwa kuonyesha vitambulisho. Mzee aliyeketi kando yangu alishuka polepole akanitazama. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae tu.

"Wewe ni wa huku," akasema aliporudi. "Sisi bado tunaulizwa."

Nikausogeza mfuko wangu akae vizuri.

Baada ya Mwingi. Lami ilikuwa imemegwa kando kama mkate. Palipokuwa na mchanga mwekundu sasa palikuwa na madimbwi yenye povu la kijani, na mbu waliingia dirishani mchana kweupe. Kisha harufu ikaanza. Mbuzi na kondoo walikuwa wamelala katika vichaka, wamevimba, wengine wakiwa wameshikwa na miiba pale maji yalipowaacha. Mafuriko yaliua kwanza. Ugonjwa uliokuja na mbu ulimaliza waliobaki, kisha ukaingia kwa watu: homa, na wengine kutokwa na damu.

Garissa. Katika hoteli niliyoizoea niliagiza chai, nikaletewa ya rangi. Nikauliza maziwa. Mhudumu alinitazama kana kwamba nimeomba sumu. Watu walikuwa wamekatazwa kuchinja na kunywa maziwa mabichi, na mji unaoishi kwa mifugo ulikuwa ukila maharagwe kimya kimya. Halima alinikuta hapo. Alikuwa amekonda. Alikuwa amekaa wodini wiki nyingi, na alizungumza kama mtu anayeziokoa pumzi zake.

"Tutaenda kesho na lori ya Noor," akasema. "Inabeba unga. Na wewe usiniulize habari ya watu unaowajua hapa, mwalimu. Nitakuambia moja moja."

Njia ya Balambala. Noor alikuwa dereva mnene mwenye kilemba cha kitambaa cha miraba. Tulikwama matopeni asubuhi nzima, na wakati mwingi tulikaa kando ya njia huku wanaume wakichimba magurudumu.

"Bole sana, mwalimu," Noor akaniambia. "Hii barabara imekufa. Unabeleka nini Balambala ya muhimu hifi?"

"Betri. Za kifaa cha kusikia cha mtoto."

"Hasikii?"

"Anasikia nusu. Hebu sema 'pole', Noor."

"Bole."

"Pole."

"Si ndiyo hiyo nasema? Bole!"

Nikamweleza kwamba ulimi wake hauna kosa lolote. Kisomali hakina p, kwa hiyo tangu utotoni sikio lake halikuwahi kuhitaji kuitenga p na b, na sasa zote mbili zinamfikia kama kitu kimoja. Sikio hufunzwa mapema, likishakomaa hushika njia yake. Noor alifikiri kwa uzito.

"Kumbe mimi pia ni kisiwi! Nifungie hiyo redio."

"Wewe?" Halima akasema. "Mtu akisema 'chakula' ng'ambo ya mto unasikia bila redio."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka safari hiyo. Lori likachomoka, tukapanda.

Balambala. Mwenye duka alitueleza kwamba jamaa wa Habiba walihama ukingoni mwa mto usiku maji yalipopanda, wakajenga kwenye mwinuko nyuma ya mji. Tulitembea. Mashamba ya mahindi kando ya mto yalikuwa tope tupu, na pampu moja ya maji ilikuwa imening'inia juu ya mti, pale mafuriko yalipoitundika.

Kwenye mwinuko zilikuwapo nyumba chache za mikeka iliyofunikwa juu ya matawi yaliyopindwa. Mwanamke mzee alitoka katika mojawapo. Alikuwa Dahabo, mama yake Habiba. Halima alimsalimu kwa salamu ndefu zinazostahili, habari ya watu, habari ya mifugo, habari ya safari, na Dahabo akazijibu zote kwa alhamdulillahi. Tukaketi kwenye mkeka. Nilipoona mfuko wangu unatazamwa, nikaufungua nikatoa kisanduku kipya, nikasema, "Nimemletea Habiba."

Halima akatafsiri. Dahabo alisema maneno mengi kwa sauti ya chini, akihesabu kitu kwenye vidole vyake. Halima hakutafsiri maneno mengi. Alisema matano.

"Habiba ametangulia mbele ya haki."

Ilikuwa homa ile ile. Alikuwa amemkamua mbuzi mgonjwa, au alikuwa ameumwa na mbu, nani ajuaye. Hapakuwa na gari la kupita kwenye maji. Baba yake Deqa alimzika, kisha akavuka na ngamia waliosalia kutafuta nchi kavu. Nilisema inna lillahi kama nilivyofundishwa na Halima, nikabaki nimeshika kile kisanduku bila kujua nikiweke wapi.

Deqa alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amerefuka. Kisanduku chake kilikuwa bado kifuani, kimefungwa vizuri kwa kitambaa safi, lakini waya ulikuwa umekatika na betri zilikuwa zimevuja kutu ya kijani. Walikuwa wakimvalisha kila asubuhi, kwa sababu Habiba alisema kisivuliwe. Hakuna aliyejua kwamba kimekufa.

Alinitazama bila kunikumbuka, akapita, akasimama kwenye mlango wa nyumba, akasema kuelekea ndani, "Oo-yo."

Dahabo alitazama chini. Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga walishikilia michi yao hewani. Hakuna aliyejibu. Deqa alingoja kidogo, akaenda zake kuchezea vijiti.

"Anasema hifyo kila siku?" Halima akamuuliza Dahabo, kisha akanitafsiria.

"Zamani kila saa," Dahabo akajibu. "Sasa mara moja kwa siku, au siku inapita. Anasahau. Mungu anamhurumia."

Nilijua nilichokiona. Hakuwa anasahau mama. Alikuwa analiacha neno, kwa sababu neno lilikuwa limeacha kufanya kazi. Ni neno lake la pekee. Likifa hilo, sikuwa na hakika kama tungepata jingine.

Kwanza nilitengeneza kifaa. Niliomba koor, wakaniletea moja isiyokuwa tena na ngamia, na Halima akaitikisa nyuma ya mtoto. Akageuka. Mlango wake ulikuwa bado wazi. Kisha nikamketisha Dahabo karibu nami, nikamweleza polepole, Halima akitafsiri, yale yale niliyomweleza binti yake: kisanduku, kifua, uso, neno moja. Alisikiliza vizuri mno. Nilipofika mwisho nikasema, "Na akisema hooyo, mama, ni lazima mtu aitike."

Dahabo alitikisa kichwa. "Hapana."

"Neno lisipoitikiwa litakufa, nalo ndilo—"

"Nimdanganye yatima? Aseme hooyo, mimi nije kama Habiba? Mimi ni ayeeyo. Nitamfundisha aniite ayeeyo."

"Atajifunza, lakini hilo bado hana. Hili analo."

Hapo alisema jambo ambalo Halima alichelewa kulitafsiri. "Mwanamke huyu hajazaa?" Halima akasema nimezaa. "Basi mwambie. Habiba nilimzaa mimi. Tangu siku ile mpaka siku ya kifo chake, nilimwita hooyo. Kila asubuhi: hooyo, amka. Neno hilo nimelizika pamoja naye. Halitatoka kinywani mwangu."

Kazini nimezoea kuwatia moyo watu, lakini hapakuwa na neno la kumtia moyo mama huyu ambalo halikuwa ukatili. Nilikuwa nimekuja kumwambia achukue neno lenye uchungu kuliko yote aliyo nayo, alitumie kama betri.

Chai ya rangi ikaletwa. Halima, nadhani ili kulainisha hewa tu, alianza kumsimulia Dahabo hadithi yake ya kunichekea. Niliyatambua maneno mawili, kadi na hooyo. Wale wanawake wa michi wakasogea kusikia.

"Namwambia jinsi uliandika jina ya mtoto," Halima akanieleza.

Mmoja wa wanawake alicheka. "Huyu Mkamba! Alidhani mtoto anaitwa Mama!" Mwingine akauliza kama huko kwetu watu humwita ng'ombe kwa jina la mchungaji. Nilicheka nao, maana nilistahili.

Dahabo hakucheka. Alikuwa amesimamisha kikombe mbele ya mdomo.

"Kwani aliandika uongo?" akauliza.

Wanawake wakaacha kucheka.

"Habiba alimwita nani hooyo? Huyu. Basi ni jina lake. Mama yake alimwachia."

Aliweka kikombe chini. Alijikokota kwa magoti hadi kwa Deqa, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa mtoto na mdomo wake karibu na kisanduku. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha likatoka, zito na la mkwaruzo.

"Hooyo."

Deqa aliinua kichwa kama mtu aliyeamshwa. Hakumtazama Dahabo. Aliruka akakimbilia mlangoni, akachungulia ndani ya nyumba, akainua mkeka wa pembeni, akachungulia nyuma yake. Tulimtazama akitafuta. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza zaidi ya kile, na ni mimi niliyekiomba. Alirudi polepole, mikono imening'inia.

Mwanamke mmoja alianza kulia. Dahabo akamwambia neno moja kali, naye akaacha. Kisha Dahabo akamshika Deqa mkono, akauweka mkono huo juu ya kifua cha Deqa mwenyewe, akasema tena, "Hooyo." Akangoja. "Hooyo." Machozi yake yalianguka juu ya kisanduku, nami kwa mazoea ya kazi nikayafuta, kwa sababu unyevu huharibu.

Sijui alisema mara ngapi. Jua lilikuwa limeanza kuinama Deqa alipomtazama nyanya yake machoni, akaukandamiza mkono kifuani kwake, akasema, "Oo-yo."

"Hooyo," Dahabo akajibu. "Haa, ndiyo. Hooyo."

Tulilala hapo, na siku iliyofuata tulifanya kazi. Maji. Njoo. Na ayeeyo, ambalo Dahabo alilisema akigonga kifua chake mwenyewe, na ambalo Deqa bado hakuweza. Niliwafundisha wale wanawake wawili kukausha betri, kubadilisha waya, na kujua kama kifaa kimekufa: ukikiweka karibu na kizibo chake, kilicho hai hupiga mluzi. Nilimwachia Dahabo betri zote. Halima aliahidi kuleta nyingine kila lori la Noor litakapopita. Nilijua pia kwamba msimu wa mvua ukirudi, lori halitapita.

Kurudi. Noor alipiga honi chini ya mwinuko. Nikiwa njiani nilijaribu kufikiri nitawaambia nini wenzangu wanaofanya kazi hii. Nitawaambia waache kusema kwamba mama hubaki. Wafundishe nyumba nzima, siku ya kwanza, pamoja na nyanya na jirani. Na wasidhani kwamba kimya cha jamaa ni kutojali. Watu wale walinyamaza kwa huruma na kwa heshima ya marehemu, na kimya hicho cha huruma kilikuwa kikimfunga mtoto mdomo kuliko chuma cha moto. Jambo la namna hiyo huwezi kulijua Nairobi. Ni lazima uende, ukae mkekani, uchekwe.

Kwamba Deqa atasema sentensi nzima siku moja, siwezi kuwaahidi. Amechelewa, na nchi imechoka.

Nilikuwa nimeshakanyaga ngazi ya lori nilipomsikia Dahabo akiita juu kule, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula: "Hooyo!" Penye mwinuko ule kila mwanamke aliyezaa, na kila mtoto mwenye mama, angeweza kugeuka, maana neno hilo ni la wote. Wale waliokuwa wakitwanga waliendelea kutwanga. Watoto waliendelea na mchezo wao. Hakuna aliyegeuka. Walimwachia Deqa mwenyewe.

Naye akaja.